Mkeka Kwenye Mchanga wa Lokirwa

“Mto mkavu hautandikwi mkeka.” Mmeusikia msemo huo leo, wajukuu, mkaniuliza umetoka wapi. Umetoka kaskazini, kwa mwanamke aliyeitwa Nakwawi, na ulianza hivi.

Nakwawi na mumewe Ebei walipenda mawe. Kila kiangazi waliwaachia ndugu mbuzi wao, wakabeba sufuria, maji na mkeka, wakafuata mito iliyokauka, wakilala huko huko na kuokota. Mawe mengi hayakuwa na mnunuzi. Nakwawi aliyapenda tu: mekundu kama ini, meupe yenye mishipa, na ya kijani, ambayo rangi yake hutokea yakilambwa. Ebei alimtania, “Mke wangu anakula mawe,” lakini yeye ndiye aliyeyabeba.

Mwaka huo walifika Lokirwa. Mto ule haukuwa umepitisha maji tangu waoane. Chini ya kingo zake ndefu palikuwa na kivuli na mchanga laini, na Ebei akatandika mkeka papo hapo.

Mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi akasimama ukingoni. “Wanangu, hameni hapo. Huko milimani wingu limefunga.”

Ebei akatazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja. “Mama, mto huu umekufa zamani.”

“Mimi nimeuona ukirudi,” alisema yule mama, akafuata mbuzi wake.

Nakwawi alitaka wahame. Lakini jua lilikuwa kali, miguu imechoka, na juu hapakuwa na kivuli. Akaketi mkekani.

Adhuhuri alipanda ukingoni kutafuta kuni za chai, akamwacha mumewe amejilaza. Huko juu alisikia kishindo kama cha ng’ombe wengi wanaokimbia. Upepo wa baridi ukampiga usoni, unanuka udongo.

“Ebei! Panda! Maji!”

Ebei alikurupuka, akakimbia, akaparamia ukingo na kushika mzizi. Vidole vyake vilikaribia kabisa vya mkewe. Kisha akageuka.

“Mawe yako!”

“Achana nayo! Nipe mkono, Ebei!”

Akashuka. Aliukunja mkeka na mawe ndani yake, akautupia begani, na hapo maji mazito ya tope, yamejaa magogo, yakatokea kwenye kona. Nakwawi alikiona kichwa chake mara moja. Hakukiona tena.

Watu wa huko walimpata mbali sana, maji yalipokwisha. Wakamzika ukingoni, na Nakwawi akalilundikia kaburi mawe kwa mikono yake mwenyewe. Baada ya hapo hakuokota jiwe lingine.

Wala hakurudi kwao. Alijenga kibanda juu ya Lokirwa, na kila msafiri alipotandika mkeka mchangani, Nakwawi alishuka akaukunja, bila hata salamu. Walimtukana. Walimwita mwendawazimu. Siku moja kijana aliyekuwa safarini na mkewe alimkamata mkono kwa hasira.

“Mama, mto huu ni wako?”

“Ungekuwa wangu, ungenirudishia mume wangu.”

Kijana akamwachilia. Nakwawi akamaliza kuukunja ule mkeka taratibu, akamkabidhi.

“Mkeo yuko wapi?”

“Yuko juu, anatafuta kuni.”

Nakwawi alitazama juu ukingoni. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta.

“Basi mfuate, mwanangu,” alisema. “Mto mkavu hautandikwi mkeka.”