Waliopalilia Shamba la Tusekile

Mwanamke mmoja alikuwa na nusu eka ya viazi kwenye mteremko wa mlima, na jina lake Tusekile. Alikuwa mjane, lakini hakulima peke yake. Yeye na wanawake wengine watano wa kitongoji kile walilimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na aliyeugua alipona akakuta shamba lake limepaliliwa.

Likaja shirika kutoka nchi ya mbali, lenye nia njema, likitaka kuwainua wakulima wanawake. Likatafuta mmoja wa kuwa mfano, kwa kuwa habari za mtu mmoja ni rahisi kuwasimulia walio mbali. Likamchagua Tusekile, maana alijua kuzungumza, likamwita mjasiriamali. Akaanza kuitwa mjini kwenye semina, mara siku mbili, mara juma zima, awaeleze wengine namna mwanamke anavyoweza kujikomboa kwa jembe lake mwenyewe.

Mwanzoni alirudi akawasimulia wenzake yote. Baadaye alirudi amechoka, akalala. Zamu za wenzake zikampita, lakini ya kwake hawakuiruka: kila aliporudi alikuta magugu yameng'olewa na matuta yameinuliwa vizuri. Alijua ni akina nani. Alitaka kushukuru, akaona haya, na kadiri alivyonyamaza ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema. Asubuhi moja akakutana kisimani na Atuganile, mmoja wa wale watano, rafiki yake tangu usichana. Atuganile akamsalimu kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mgeni, akapita. Hilo lilimuuma kuliko tusi.

Siku ya mavuno wakaja wageni wa shirika na pampu ya kumwagilia, zawadi ya mkulima bora. Viazi vilikuwa vikubwa, vimejaza matenga. Kiongozi wao, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akamwuliza amewezaje haya yote peke yake. Tusekile akafungua kinywa atoe maneno aliyozoea kuyatoa kwenye semina. Hapo akawaona wenzake nyuma ya watu, majembe begani, wakingoja shughuli iishe waende kazini. Akayaacha maneno yale.

"Mama, tangu masika sijashika jembe humu," akasema. "Waliolima ni wale pale, na mimi sijawaambia hata asante."

Yule mama akaeleza kwa masikitiko kwamba pampu ni ya mtu mmoja, tena aliyelima kwa mikono yake, na yeye hana ruhusa ya kubadili neno. Ikarudishwa garini. Wageni wakaondoka, na Tusekile akabaki amesimama kati ya matenga, hajui atazame wapi. Ndipo Atuganile akamsogelea, akamwambia kwamba leo ni zamu ya shamba la mwenzao Mama Lugano, na kama ana nguvu, wanaondoka sasa hivi. Tusekile akaingia ndani, akavua nguo za wageni, akachukua jembe, akawafuata.

Basi ninyi mnaosifiwa, na ninyi mnaopenda kumsifu mmoja, ni nani aliyeinama ili huyo aonekane amesimama?