Kiwanja cha Kiangi

"Ukihesabu vichwa, hesabu na matumbo." Mmeisikia leo viwanja vikipimwa, mkataka kujua asili yake. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, maporomoko ya udongo yalifunika kijiji kimoja katika milima ya Upare. Walionusurika waliongozwa na Jumbe Mrutu mpaka kwenye mgongo wa mlima usiokuwa na mtu. Mrutu akagawa ardhi, kila kaya ikapata mahali pa nyumba na pa shamba. Ukabaki mteremko mzima wenye chemchemi. Majirani wa ng'ambo ya bonde, ambao ndio waliowalisha siku za msiba, wakauomba.

Nakijwa, mkewe Mrutu, aliyekwisha kumzalia Mbonea, alikuwa na mimba kubwa. Akamwambia, "Baba Mbonea, wape nusu. Hawa walio matumboni watajenga wapi?"

"Mtoto hulala kwa mamaye," alijibu Mrutu. "Kila mwenye kichwa amepata."

"Kwa leo, ndiyo."

Mrutu akautoa mteremko wote. Shukrani ilikuwa imemjaa kifuani, wala hakuna mwingine aliyempinga.

Miaka ikaenda. Watoto wakazaliwa, wakakua. Nyumba zikabanana hata moshi wa jiko la huyu ukawa unamliza yule. Mashamba yakakatwa vipande, na vipande navyo vikakatwa. Ndipo Kiangi, yule aliyekuwa tumboni, alipopata mchumba.

"Baba, nijenge wapi?"

Mrutu akachukua fimbo yake, akavuka bonde kuomba arudishiwe japo kipande. Mzee wa kule alimkaribisha vizuri, akammiminia pombe ya miwa, kisha akasema taratibu, "Ndugu yangu, tungekupa. Lakini pale tumeshazika wazazi wetu."

Akarudi mikono mitupu. Kiangi na vijana wenzake wakafunga mizigo waende tambarare, kwenye joto na homa. Nakijwa hakumlaumu mumewe. Alimfungia mwanawe viazi vya njiani, akaingia ndani, akafunga mlango. Hilo lilimuuma Mrutu kuliko lawama yoyote.

Akawasindikiza vijana mpaka njia panda.

"Mkifika mtagawana ardhi," alimwambia Kiangi. "Mimi niliwahesabu waliosimama mbele yangu tu, na leo nakupoteza. Usifanye hivyo, mwanangu. Ukihesabu vichwa, hesabu na matumbo."