Kwa Nini Bata Huyumba na Kumpigia Kelele Afungaye Mlango

Ninyi mnaomcheka bata kwa mwendo wake, kaeni msikie mwendo huo ulitoka wapi.

Hapo kale bata hakujua banda ni nini. Alishinda majarubani, kwenye maji ya mpunga, akitembea sawasawa kama kuku, kimya kabisa. Kisha siku moja Jumbe Mtulia, mkuu wa bonde, akaona miche ikielea juu ya maji, akapandwa na hasira. Hakuuliza mtu. Akaamuru bata wote wafungiwe, nao wakasongamanishwa bandani, hakuna pa kugeuka, wakitupiwa pumba.

Aliyeumia zaidi ni Sikujua, mjane mwenye jaruba moja. Bata walipoondolewa konokono walizidi, wakawa wanaikata miche yake, naye akawaokota kwa mkono mpaka mgongo ukakataa. Na desturi ya bonde ilikuwa kali: jaruba likibaki tupu, hupewa mtu mwingine. Wanawe wangekula nini?

Asubuhi moja, watu wakitazama, akaenda akaling'oa komeo la banda.

"We mwanamke, umerukwa na akili?" Jumbe akafoka. "Hao wanatumalizia mpunga!"

"Umewaona kwa macho yako, Jumbe, au umekisia?"

Sikujua akalitupa komeo chini.

"Basi waache washinde jarubani kwangu. Jioni tutampasua mmoja firigisi. Ukikuta mpunga humo, jaruba chukua."

Bata wakatoka. Lo! Miguu ilikuwa imepinda kwa kubanana. Walikwenda wakiyumba huku na huku, na waliokuwa kimya tangu kuumbwa wakapiga kelele bonde zima.

Jua liliposhuka, akachinjwa jike ambaye Sikujua alimlea tangu kifaranga. Alilia waziwazi, hakujificha. Lakini firigisi aliipasua mwenyewe, akaimwaga miguuni pa Jumbe: maganda ya konokono na mbegu za magugu. Mpunga haukuwamo hata kidogo.

"Haya, funga mlango tukuone," akasema.

Jumbe hakuufunga.

Na tangu siku hiyo, miche ikishashika mizizi, watu wa bonde lile huwaachia bata majarubani, wakawatoa mpunga unapotoa masuke. Miguu ya bata haikunyooka tena. Na ukimfungia bata jioni atakutukana mpaka usinzie, na haki anayo.