Harusi ya Mzee Sixten na Albamu ya Vintersvala

Kisa hiki kimenifikia asubuhi ya leo, nikaona si haki kikae kwangu peke yangu. Kisome taratibu.

Kaskazini mwa Uswidi, katika mji mdogo ambako theluji huanguka hadi kuziba madirisha, waliishi vijana watatu wenye bendi. Tuva aliimba, Elof alipiga kinanda cha umeme, na Malin alitengeneza midundo kwa kompyuta. Bendi yao waliiita Vintersvala, yaani mbayuwayu wa majira ya baridi. Mwaka nenda mwaka rudi walijifungia katika chumba cha chini nyumbani kwa mama yake Elof, wakizisugua nyimbo zao hadi zikang'aa. Hatimaye albamu yao ya kwanza ikakamilika.

Wakaituma kwa kampuni moja ya muziki kule Stockholm. Jibu likaja: mkurugenzi, Bi Ragnhild, ambaye hawakuwahi kumwona hata kwa picha, angekuja mwenyewe Jumamosi awasikie wakipiga, ndipo aseme kama albamu itatoka au haitoki. Vijana wakakodi ukumbi pekee wa mji.

Jumamosi ilipofika, theluji ikamwagika kama iliyotumwa. Wakiwa bado wanaunganisha nyaya, mlango ukafunguliwa. Akaingia Mzee Sixten, seremala mstaafu, amevaa suti na ua kifuani.

"Mwanangu," akamwambia Tuva, "leo namwoa Hillevi. Njia ya kanisani imefungwa na theluji, na wageni wako hapo nje wanatetemeka. Nakuomba utuazime ukumbi."

"Hamwezi kuahirisha, mzee wangu?"

"Nilimpenda tukiwa vijana, akaolewa na mwingine. Nami nikaoa kwingine. Sasa sote tumefiwa. Kuahirisha, binti, nimeahirisha vya kutosha."

Tuva akawavuta wenzake pembeni. "Mkurugenzi akija akakuta keki na maharusi, atasema sisi ni watoto tunaocheza. Siku kama hii hatuipati tena!"

Malin akamtazama. "Tuva, albamu nzima tumeimba mapenzi. Leo yamekuja yenyewe kubisha hodi, tuyafukuze?"

Tuva akashindwa kujizuia, akacheka. Akamgeukia mzee. "Waite watu wako, babu, kabla hawajaganda."

Basi wakaingia, wakipukuta theluji na kubeba masufuria. Mara simu ya Elof ikaleta habari kwamba treni ya kutoka Stockholm imekwama njiani. Wakampigia Bi Ragnhild, hakupatikana. Tuva akayameza machozi yake, akaenda kupanga viti.

Mchungaji aliyekuja na wageni akawafungisha ndoa. Bi Hillevi akajibu "Ndiyo" kwa sauti kubwa hata kabla ya kuulizwa, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Lakini ulipofika wakati wa kucheza, ikabainika kuwa mpiga kodiani waliyemwalika naye amezuiwa na theluji.

"Hayo madude yenu yenye nyaya," Mzee Sixten akauliza, "yanaweza kumchezesha mtu mwenye goti bovu?"

"Tujaribu," Tuva akasema.

Malin akaupunguza mdundo uendane na miguu ya wazee. Tuva akaanza kuimba. Mwanzoni wazee walikodoa macho. Kisha mmoja akapiga makofi, mwingine akakanyaga sakafu, na mara ukumbi ukatikisika. Wageni waliochelewa wakazidi kuingia, na wao wakajitosa. Mama mmoja mwenye gambuti kubwa na sweta lililompwaya alimkamata mchungaji, akamzungusha hadi miwani ikamdondoka, huku akiimba kiitikio kwa maneno yasiyokuwemo kabisa. Tuva akacheka katikati ya wimbo. Hakuwahi kufanya hivyo maishani.

Muziki ulipotulia, yule mama akamjia akihema, kipande cha keki mkononi.

"Mimi ni Ragnhild," akasema.

Tuva akamtazama kuanzia gambuti hadi sweta. "Si treni ilikwama?"

"Ilikwama. Wageni wa harusi wakanipakia kwenye trekta yao, wakanipa na gambuti na sweta." Akamega keki. "Nikuambie ukweli. Nilikuwa nakuja kuwaambia hapana."

Tuva akawaita wenzake kwa mkono waje wasikie.

"Albamu mliyonitumia ni safi mno, kama sahani ambayo haijawahi kutiwa chakula. Mlikuwa mnajiimbia wenyewe. Leo mmeimbia watu. Hii ya leo ndiyo nitakayoitoa."

"Lakini ya leo hatukuirekodi!"

"Kwani ukumbi umehama? Wazee hawa mnawaacha waende wapi?"

Elof akampokonya Bi Ragnhild keki mkononi, akamkumbatia. Ikawa shangwe juu ya shangwe.

Theluji ilipoyeyuka, wakarekodi upya humo humo ukumbini, wazee wakipiga makofi na kukanyaga sakafu. Kiangazi albamu ikatoka. Kila redio ya kaskazini ikaipiga, na watu wakaulizana ni mashine gani ile inayotoa mdundo mzito namna ile. Malin akiulizwa hujibu, "Hiyo ni miguu ya Mzee Sixten na mkewe."

Funzo: Usimfungie mlango mwenye shida kwa sababu unamngoja mgeni wa heshima, huenda wote wawili wako njia moja.