Rangi ya Tatu ya Etne

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolala na njaa. Sogeeni karibu na moto, tuanze upya. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Hapo zamani za kale, mbali sana huko Ayalandi, kisiwa cha mvua na majani mabichi, wanaume walivaa sketi. Naam, sketi ya sufu, yenye marinda nyuma, inayofika magotini. Nani huyo anacheka? Wewe mwenyewe umejifunga kikoi hapo ulipo. Nyamaza nisimulie.

Kisiwa hicho kilitawaliwa na Mfalme Dungali, na mfalme huyo alikuwa na wivu wa rangi. Sheria yake ilisema: mtumwa avae rangi moja, mkulima rangi mbili, askari wa farasi rangi tatu. Rangi saba alizivaa yeye peke yake. Mkulima akikutwa na rangi ya tatu, kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa mbao uliofuma nguo ile, kilichomwa moto mbele ya watu wote.

Basi palikuwa na mfumaji, mke wa watu, jina lake Etne. Mumewe, Lorkani, alikuwa mkulima na mpiga zumari, ile yenye kiriba cha ngozi kinachobanwa kwapani. Mwaka huo Lorkani akaitwa apige zumari kwenye mkutano mkuu wa mfalme. Lakini sketi yake ilikuwa imechakaa, upepo ukivuma ulipita mpaka... nisimalizie, naona wakwe wamo humu.

Etne akamwendea kondoo wake. Alikuwa na kondoo mmoja tu.

"Kondoo wangu, nipe sufu."

Kondoo akampa. Etne akaichemsha na zafarani, ikawa manjano, lakini haikutosha nguo.

"Kondoo wangu, nipe sufu."

Kondoo akampa. Etne akaichemsha na majani ya kutia buluu, ikawa buluu. Nayo haikutosha.

"Kondoo wangu, nipe sufu."

Kondoo akamtazama. "Mama Etne, mara ya kwanza nilikupa ya mgongoni. Mara ya pili nilikupa ya tumboni. Sasa unataka nitembee uchi kwenye baridi hii ili mumeo avae?"

Etne akaona haya, akaweka mkasi wake chini. Akakaa akiwaza. Kila rangi ilikuwa pungufu, basi akazichanganya. Nyuzi za kusimama akaweka manjano kiasi, buluu kiasi. Za kukatiza akafanya vivyo hivyo. Akafuma, akafuma, akafuma, nguo ikatoka miraba miraba. Na pale manjano ilipokatizwa na buluu, pakaonekana kijani. Etne mwenyewe alishtuka, maana uzi wa kijani hakuwahi kuushika maishani mwake.

Lorkani alipoiona, akarudi nyuma hatua mbili. "Mke wangu, nguo hii itatuponza."

"Mimi najua nilichotia chunguni," Etne akasema. "Nimetia rangi mbili. Vaa, mkutano ni kesho."

Kesho yake Lorkani akasimama mbele ya mfalme, akapuliza zumari, na watu wakaanza kutikisa mabega. Kumbe juu ya nguzo ya hema ametua Kunguru, mpelelezi wa mfalme, kazi yake kuhesabu rangi za watu.

"Manjano, buluu, kijani! Manjano, buluu, kijani! Manjano, buluu, kijani!"

Zumari ikanyamaza. Mfalme akawatuma askari wanne wa farasi kilimani, nyumbani kwa Lorkani, wakakileta kitanda cha mfumi cha Etne, wakakiweka juu ya kuni. Kitanda kile Etne aliachiwa na marehemu mama yake, na ndicho kilichowalisha miaka yote ambayo viazi... la, viazi vilikuwa havijafika huko bado. Miaka yote ambayo shayiri ilioza kwa mvua. Etne akajitokeza katikati ya watu.

"Mfalme wangu, anayenishtaki ni Kunguru. Basi achomoe uzi wa kijani, mmoja tu, auweke mkononi mwako. Akiuleta, moto nitauwasha mimi."

Kunguru akaruka mpaka kwenye mraba wa kijani kabisa. Akachomoa uzi, ukawa wa manjano. Akachomoa wa pili, ukawa wa buluu. Akachomoa wa tatu, manjano tena.

"Ulikuwepo hapa hapa," Kunguru akasema, sauti imepungua.

"Bwana Kunguru, ukiendelea utaniacha bila nguo," Lorkani akasema, ameishika sketi kwa mikono miwili. Watu wakacheka mpaka machozi.

Mfalme akashuka mwenyewe kitini. Akainama, akachomoa uzi kwa vidole vyake. Buluu.

"Mama, kijani umekificha wapi?"

"Sijakificha, mfalme wangu. Manjano na buluu zimekutana, macho yako yakafanya kazi iliyobaki. Kama hilo ni kosa, basi macho yako ndiyo yashtakiwe."

 Mfalme akaitazama nguo yake ya rangi saba, kila rangi imelala kwenye mstari wake, haisemezani na mwenzake. Akaitazama tena ya Lorkani, akaitamani, na uso wake ukasema hivyo waziwazi.

"Sheria ni yangu, siwezi kuikana mbele ya watu," akasema. "Rangi ni mbili. Mwanamke huyu hana hatia. Na nyie mliokileta kitanda chake, kirudisheni."

Ndipo askari wanne wa farasi, na rangi zao tatu tatu, wakakibeba kitanda mabegani, kwa miguu, kilimani, mvua inawanyeshea. Mbele alitangulia Lorkani akipiga zumari, nyuma wakulima wote wakiimba, na Etne katikati akitembea kichwa juu siku ile kuliko siku zote.

Walipofika akawaambia, "Taratibu hapo mlangoni, wanangu, msikigonge."

Kabla askari hawajashuka kilima, wanawake wa koo zote walikwishapanga foleni na sufu zao, rangi mbili kila mmoja, kila ukoo ukitaka miraba yake. Etne akakaa kitini, akauliza, "Nani wa kwanza?"

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Etne, na kitanda kinafuma.