Mtoto Asiyeweza Kusema Nyumbani

Paukwa!
Pakawa.
Paukwa tena, wa nyuma hawajasikia.
Pakawa, tumesikia.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na nyumba.
Ndani mna nani?
Tuambie wewe uliyepita.

Basi sogeeni. Mwenye kunyonyesha akae karibu na moto, asiye na mtoto ampishe. Ngano hii nawapa kama mama yangu alivyonipa, akinisuka nywele nami nikilalamika kwamba ananivuta. Kila aliponivuta, ngano ilisonga mbele.

Hapo kale, kale ya mtu kusema na mnyama akajibiwa, palikuwa na mtu jina lake Kombo, mchonga mizinga ya nyuki. Kazi yake ilikuwa msituni. Alikwenda akakaa siku saba, akarudi akakaa siku tatu, akaenda tena. Mkewe alimzalia binti mmoja, wakamwita Mwamvua kwa kuwa alizaliwa mvua inanyesha. Mwamvua alipotimiza miaka saba, mama yake akaugua, akafa. Kombo akaomboleza. Mwaka ukapita, akaoa mke mwingine, jina lake Sikudhani.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Bibi arusi alikuja na vyombo vyake: vyungu vyake, mikeka yake, mbuzi yake ya kukunia nazi. Na vyombo vya mke aliyekufa havikukaa pamoja na vya mke mpya. Asubuhi ya arusi shangazi zake Kombo walikuja, wakavitoa vya marehemu vyote, wakavipandisha darini. Walivitoa kwa upole, kimoja kimoja, wakivipangusa vumbi. Hawakuwa na ubaya. Walidhani mtoto asipoviona hatalia.

Kweli, Mwamvua hakulia. Aliacha tu kukaa ndani.

Na huyu Sikudhani hakuwa yule mama wa kambo mnayemjua nyinyi, wa kunyima watu chakula. Alikuwa mtu wa kupuliza uji kabla hajampa mtoto. Siku ya kwanza alipofagia alikuta mayai mawili ya mjusi pembeni mwa ukuta, akapitisha ufagio kwa kuyazunguka. Alimwita Mwamvua aje ale, Mwamvua akaja, akala kwa kusimama, akatoka akaenda kukaa nje juu ya jiwe. Hakumwita mama, wala hakumwita kwa jina. Akitaka kitu alikohoa.

Kisima kilikuwa mbali, na njia ya kisimani ilipita njia panda, na pale njia panda alikaa zimwi. Zimwi huyo alikuwa na sheria aliyoachiwa na babu yake. Mtu anayekwenda nyumbani, haguswi. Lakini mtu asiye na nyumbani, zimwi alimwuliza mara tatu, mara moja kila mwezi unapoandama, na mara ya tatu alimchukua. Hakuna aliyewahi kurudi akasema alipelekwa wapi.

Alasiri moja, siku ya kuandama mwezi, Mwamvua alikwenda kuteka maji akasahau ngata, ule mviringo wa kitambaa wa kuweka utosini chini ya mtungi. Sikudhani akaiona, akaichukua, akamfuata mbio mtoto asije akaumia kichwa. Alipokaribia njia panda, Mwamvua alikuwa tayari anarudi na maji, na sauti nzito ikasikika ikiimba:

Mwana mwana, mtungi kichwani,
jua lashuka, waenda wapi?

Mwamvua akajibu, "Naenda kwenye nyumba ya baba."

Zimwi akachora mstari mchangani kwa ukucha. "Moja," akasema.

Sikudhani akakimbia mpaka pale.  Alimshika mtoto mkono wakarudi, na walipofika akamkalisha, akamfundisha neno. Akamwambia aseme nyumbani. Mwamvua akasema nyumba. Akamwambia aseme polepole, nyumba, halafu ni. Mtoto akafumba macho akajaribu, na ile "ni" ikakwama kooni kama mwiba wa samaki. Haukuwa ukaidi. Nyumba hujengwa na fundi. Hiyo "ni" ya mwisho, fundi haijui.

Na kumficha ndani haikufaa, maana zimwi aliyemkosa mtu njiani humfuata mlangoni.

Sikudhani akaketi nyuma ya nyumba akawaza. Akaona huenda nyumba ni mbaya, ndiyo maana mtoto haipendi. Tausi akapita, akamwuliza ana nini, akaambiwa. Tausi akacheka, akasema nyumba ni macho. Akamwagiza atundike sahani ukutani, apange mito kitandani hadi karibu na dari, afunike dirisha kwa kitambaa chekundu, na manyoya yake mwenyewe akampa, ayachomeke juu ya mlango.

Sikudhani akafanya yote. Majirani wakaja kutazama, wakavua viatu mbali kabisa na mlango. Mmoja akasema, "Shoga, humu hata kupiga chafya naogopa." Wote wakasifu. Mwamvua akaingia kwa ncha za vidole, mikono nyuma asije akagusa kitu, akala kwa kusimama, akarudi kwenye jiwe lake.

Mwezi ukaandama. Zimwi akaimba:

Mwana mwana, mtungi kichwani,
jua lashuka, waenda wapi?

"Naenda kwenye nyumba nzuri," akasema Mwamvua. "Watu wote wanaisifu."

Zimwi akachora mstari wa pili. "Mbili," akasema.

Sikudhani akarudi nyuma ya nyumba, safari hii akiwa na machozi. Kunguru akatua, akamwuliza ana nini, akaambiwa. Kunguru, mnamjua, hatupi kitu. Akasema huyo tausi ni mjinga, nyumba si macho, nyumba ni kumbukumbu. Akamwagiza apande darini ashushe vitu vyote vya marehemu, na kila kimoja kirudi mahali pake pa zamani.

Shangazi hawakupenda, lakini walikubali kwa ajili ya mtoto, wakaja wenyewe kuonyesha. Mbuzi yake ilikaa hapa. Kanga yake ilining'inia pale, kwenye kamba, na pindo likitazama mlango. Hata chungu kilichopasuka walikirudisha pembeni kwake. Vitu vya Sikudhani vikafungwa, vikawekwa darini, yakabaki tu mapambo ya tausi ukutani na dirishani.

Mwamvua akaingia. Akasimama katikati. Akaigusa kanga, akainusa, halafu akageuka akatazama mlango. Akangoja. Kesho yake akangoja. Nyumba yote ilikuwa kama mtu ametoka kidogo kwenda kuomba chumvi kwa jirani na sasa hivi atarudi. Siku ya tatu Mwamvua akafahamu kwamba mama yake harudi, akalia, mara ya kwanza tangu arusi. Sikudhani naye alilia upande wa pili wa ukuta, mdomo kwenye kanga yake, mtoto asije akasikia akaongezewa mzigo.

Hapo ndipo mjusi wa ukutani aliposhuka. Naam, huyo huyo mnayemtupia ndala. Alishuka mpaka usawa wa sikio.

"Dada," akasema, "ulifagia ukaniachia wanangu. Nami nina neno. Tausi amekupangia nyumba ya mgeni. Kunguru amekupangia nyumba ya marehemu. Ya mtoto ataipanga nani?"

Sikudhani akamwambia hajui, na siku zimebaki chache.

"Siku tatu usisogeze kitu," akasema mjusi. "Tazama miguu yake. Mimi nimemtazama miaka minane, lakini mimi sina mikono ya kupanga."

Sikudhani akatazama.

Siku ya kwanza akamwona Mwamvua anaingia na mtungi wa maji. Kichaga cha kuwekea mtungi kilikuwa kirefu. Mtoto alinyanyuka kwa vidole, akatikisika, maji yakammwagikia shingoni, akapangusa sakafu haraka kabla hajaonekana, akatoka.

Siku ya pili akamwona juu ya jiwe lake asubuhi, pale jua linapopiga, anasuka ukili wa mkeka kwa vidole vidogo. Jua lilipohama, naye alihama. Kumbe mtoto alikuwa anafuata mwanga. Ndani hamkuwa na mwanga tangu dirisha lifunikwe.

Siku ya tatu akamwona akila kwa kusimama, akaangalia anatazama wapi. Alikuwa anatazama njia ya msituni, kwenye upenyo mdogo juu ya kitambaa cha dirisha. Alikuwa anamtazamia baba yake. Aliyeketi chini ndani ya nyumba ile hakuiona njia hiyo.

Kombo alipotoka msituni, Sikudhani akamweleza yote. Akamwomba ashushe kichaga mpaka usawa wa bega la binti yake. Kombo akamsimamisha Mwamvua ukutani, akaweka alama kwa mkaa, akabaki anaitazama ile alama. "Nyuki nawapima," akasema, "mzinga usiwe mkubwa wala mdogo. Mwanangu sikumpima."

Kisha Sikudhani akakaa chini, akamwuliza Mwamvua kitu kimoja kimoja. Hakumwambia kiwekwe wapi. Alimwuliza kina kazi gani.

Kanga ya mama? Mwamvua akafikiri sana. Akasema isikae kwenye kamba, ajifunike nayo akilala. Ikatoka kwenye kamba. Chungu kilichopasuka? Hakishiki maji, akasema, lakini kinashika udongo. Wakapanda mrehani, wakakiweka dirishani, kitambaa chekundu kikaondoka na njia ya msituni ikaonekana. Sahani za ukutani? Zishuke tulie chakula, akasema. Zikashuka, zikatiwa chakula. Manyoya ya tausi yakawa ya kupepea moto, na tausi hakupita tena mtaa ule.

Zikabaki mbuzi za kukunia nazi, ya marehemu na ya Sikudhani iliyoshushwa darini. Shangazi mkubwa akaja kuonya kwamba vyombo vya wake wawili havikai pamoja. Sikudhani hakubishana naye. Alimpa nazi. Shangazi akaketi kwenye mbuzi moja, Mwamvua akaketi kwenye nyingine, wakakuna wakitazamana, na nazi ikaisha kabla maneno ya shangazi hayajaisha. Mbuzi mbili zikakaa nyumba moja wala hazikupigana pembe.

Mahali jua la asubuhi linapoanguka sakafuni, wakatandika mkeka wa Mwamvua. Akakaa, akajaribu, akausogeza kidogo. Akakaa tena.

Halafu akatazama huku na huku. Hakukohoa. Akasema, "Na wewe unakaa wapi?"

Sikudhani akageuka kutafuta pake, hapakuwapo. Tangu arusi alikuwa hajaketi mahali akapaita pake. Alikula amechuchumaa, alishona amesimama, alilia nje. Alikuwa ameipanga nyumba mara tatu na yeye mwenyewe hakujiwekea hata kigoda.

Mwamvua akainuka. Akatembea nyumba nzima akipima kwa miguu yake, kama baba yake anavyopima gogo. Akapita mahali alipokuwa akiketi mama yake, akapaacha. Akafika kati ya dirisha na mafiga, akasimama.

"Kaa hapa," akasema. "Hapa hapakuwa pa mtu. Hapa utaona moto, na mimi utaniona."

Sikudhani akakaa. Akajizuia asilie, mtoto asije akadhani amekosea mahali.

Mwezi ukaandama mara ya tatu. Alasiri ile Sikudhani hakumfundisha neno. Alimwekea ngata vizuri, akamtazama mpaka akapotea njiani, akarudi akakaa mahali pake, kwa sababu hapakuwa na jingine la kufanya. Kombo alikaa kizingitini na shoka ambalo alijua halitamsaidia.

Jua likashuka. Mwamvua akatoka kisimani, mtungi kichwani, anatembea upesi. Zimwi alikuwa amesimama katikati ya njia panda, safari hii amepanua mikono yote miwili. Akaimba:

Mwana mwana, mtungi kichwani,
jua lashuka, waenda wapi?

"Babu, nipishe," akasema Mwamvua. "Nachelewa nyumbani."

Zimwi akashtuka. Akadhani amesikia vibaya. Akauliza, "Waenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Mwamvua akahamisha mtungi kidogo, maana ulikuwa mzito, akamshangaa mtu mzima asiyejua kitu rahisi namna ile.

"Kwetu," akasema.

Zimwi akashusha mikono. Akafuta mistari miwili kwa unyayo wake, akampisha.

Mwamvua akafika, akaweka mtungi kwenye kichaga bila kumwaga tone, akasema, "Mama mdogo, kuna nini cha kula?" Na Sikudhani, aliyekuwa amekaa mahali pake, akainuka akapakua.

Ngano yangu imefika kizingitini, nami navua viatu. Iliyowafaa ingieni nayo, isiyowafaa iacheni nje na kandambili. Mama yangu alipofika hapa alikuwa anamalizia msuko wa mwisho, na alikuwa akisema hivi: usiipange nyumba kwa macho ya mpita njia, ipange kwa miguu ya wanaokaa, na mtoto mwulize.

Ama zimwi, wapo wanaosema yuko pale mpaka leo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumwuliza anapenda kukaa wapi. Ukimkuta, mwulize. Lakini mwulize ukiwa mbali.