Kifaru cha Dereva Asiyeona

Hapo zamani, wala si ile zamani ya mababu, zamani ya juzi tu, watu wakiwa tayari na simu mifukoni, paliishi Morogoro mwanajeshi mstaafu aliyeitwa Melkiori Mkude. Jeshini alikuwa dereva wa kifaru. Nasema kifaru cha chuma, chenye minyororo na mzinga, si yule wa mbugani. Alipostaafu hakuwa tena na kifaru cha kuendesha, basi akanunua kidogo cha kuchezea, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, kinachokwenda kwa rimoti.

Msicheke. Majirani walishacheka kabla yenu. Mzee Melkiori hakukiacha kama kilivyotoka dukani. Rangi yake aliikwangua akapaka nyingine, akaichakaza mpaka ikaonekana imepigwa na jua na tope miaka mingi. Akakitia spika, kikanguruma. Akakitia moshi, kikafuka. Na kila Jumamosi alikipeleka nyuma ya tanuri la matofali, mahali wapenzi wa vifaru vidogo walipokutana. Watu wazima na akili zao, mwalimu, dereva wa lori, mhasibu, wote wamechuchumaa vumbini wakibishana kuhusu mota na betri.

Mkewe, Bertila, ambaye watu walimwita Mama Fausta kwa jina la binti yao aliyeolewa Songea, hakuyapenda mambo hayo.

"Baba Fausta, meza ya chakula inanuka gundi."

"Nitaisafisha."

"Ulisema hivyo Pasaka."

Kisha macho ya Mzee yakaanza kufifia. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na kwamba imeshaharibu sana kabla hajafika. Kwanza akawa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Halafu mwisho wa bomba nako kukawa giza.

Mzee akakifunga kifaru kwenye shuka kuukuu, akakisukuma uvunguni. Akaacha kunyoa. Akaacha kukaa barazani. Chakula kikiletwa anaonja, anasema ameshiba. Akiulizwa neno lolote la nyumbani anajibu, "Mtajua wenyewe."

Asubuhi moja Mama Fausta alikuwa anafagia chumbani. Ufagio ukagonga kitu uvunguni. Mzee akageuza shingo kwa wepesi ambao mkewe alikuwa ameusahau.

"Umekigonga?"

"Nimekigusa tu."

"Hebu angalia mzinga, usije ukawa umepinda."

Mama Fausta akakaa pale pale sakafuni. Akalifungua shuka, akaupapasa mzinga. Haukupinda. Akamwangalia mumewe, jinsi alivyokaa ameinamisha kichwa akisubiri jibu, viganja wazi. Akasema, "Mzima." Halafu akatoka nje akajifuta macho kwa kitenge.

Jumamosi hiyo akaubeba ule mdude aliokuwa akiuchukia, akaenda nao hadi kwenye tanuri la matofali. Akasimama katikati ya wanaume na vumbi lao.

"Nani hapa anaweza kumfanya mtu asiyeona akaendesha hiki?"

Watu wakatazama chini. Wawili tu hawakutazama chini.

Wa kwanza ni Haruni, fundi wa kukereza vyuma. Haruni alikuwa akiwachongea wenzake vipuri, gia za huyu, magurudumu ya yule, lakini kifaru chake mwenyewe hakuwahi kuwa nacho. Wa pili ni Tumsifu, binti anayetengeneza simu karibu na soko. Yeye alikuwa na kifaru, tena kizuri kuliko vyote mjini, na watu walikuwa wanasema shindano la vifaru vidogo la mwaka ule limeshapata mwenyewe.

Wakaenda nyumbani kwa Mzee.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mmekuja kumwangalia kipofu?"

"Tumekuja kuangalia kifaru," Tumsifu akasema.

Mzee akacheka kidogo. Mama Fausta, aliyekuwa mlangoni, akashika fremu ya mlango.

Tumsifu akauliza, "Mzee, kule jeshini, ukiwa ndani ya kifaru, ulikuwa unaona nini?"

"Kuona? Binti yangu, dereva ana kitundu tu. Vumbi likitimka, hata hicho kitundu huna. Unaendesha kwa matako."

"Baba Fausta!"

"Si ndiyo ukweli? Chuma kikiinama, mwili unajua. Kikiteleza, mwili unajua. Macho ni ya kamanda kule juu."

Tumsifu akalala na neno hilo. Kesho yake akaja na wazo. Ndani ya simu kuna kidude kinachojua simu imeinamia wapi, na kingine kinachotetemeka. Kile cha kwanza kitiwe ndani ya kifaru. Vile vya kutetemeka viwe viwili kwenye rimoti, kimoja kwa kila kiganja. Kifaru kikiinama kushoto, kiganja cha kushoto kitetemeke. Kikiinama kulia, cha kulia.

Akajaribu vidude vya simu mbovu. Vikachelewa. Kifaru kinapinduka, ndipo mkono unaambiwa. Akajaribu vingine. Vikachelewa vilevile. Vyenye wepesi uliotakiwa vilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya kifaru chake mwenyewe. Alikuwa ameviagiza nje na kuvisubiri muda mrefu, kwa ajili ya shindano. Haruni alimkuta kibandani kwake, bisibisi mkononi, kifaru chake kimefunuliwa.

"Na shindano?"

"Lipo na mwakani," Tumsifu akasema, lakini hakumtazama.

Sasa Haruni naye. Minyororo ya kifaru cha Mzee ilikuwa ya plastiki. Ilikuwa inateleza na kurukaruka, na kila ikiruka viganja vya Mzee vinapata habari ya uongo. Haruni akasema atachonga minyororo ya chuma. Akakata pingili moja moja, akatoboa, akaunga, akachonga na gia za shaba za kuivuta, kwa maana chuma ni kizito na gia za plastiki zingenyofoka meno. Alifanya kazi hiyo saa za mapumziko, wenzake wakila. Mchana mmoja mashine ikamchukua ncha ya kidole cha kati. Akaenda kufungwa bendeji, akarudi, akaendelea na pingili zilizobaki huku kile kidole amekinyanyua juu kama mtu anayeomba kusema mkutanoni.

Kifaru kikakamilika. Wakakiweka uani. Mzee akashika rimoti, akavuta pumzi, akakiondoa. Kikaenda mbele kikinguruma, kikapanda tofali, kikashuka tofali, Mzee anacheka viganja vikitetema, na kikaingia moja kwa moja kwenye beseni la vyombo. Vikombe viwili vikavunjika.

Mzee akaitupa rimoti. "Najua kinainama! Sijui kinakwenda wapi!"

Hilo mafundi hawakuwa na kipuri chake.

Mama Fausta akaokota vipande vya vikombe. Akaokota na rimoti, akamrudishia mumewe mkononi.

"Kulia," akasema.

"Kulia kwangu au kwake?"

"Kwake. Hapana, kwako. Subiri."

Waligombana wiki nzima. Anasema kulia, kifaru kinaenda kushoto. Anasema simama, kimeshafika ukutani. Mpaka siku moja, amechoka, Mama Fausta akasema, "Baba Fausta, wewe fanya kama unatoka chumbani unaenda jikoni." Na Mzee, ambaye nyumba yake aliijua gizani, akakigeuza kifaru vile vile anavyogeuka mwenyewe kwenye kona ya kutoka chumbani. Hapo wakapata lugha. *Kama unakwepa kabati. Kama unaingia mlango wa bafu, mwembamba, polepole. Kama unamfuata mgeni getini.*

Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi ya kwaya, na Mama Fausta ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Akamwambia mwalimu wa kwaya atafute mwingine. Akasimama juani nyuma ya tanuri, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka sauti ikamkauka. Sauti ile haikurudi kama zamani.

Siku ya shindano ikafika, Mzee naye ameandikishwa. Walikuja watu kutoka Dodoma, walikuja na wa Dar es Salaam. Zawadi ilikuwa mezani, kila mtu akiitamani. Boksi moja kubwa halijafunguliwa, na ndani yake kifaru cha chuma kitupu, kikubwa kuliko vyote vilivyopata kuonekana pale, cha kuunganisha mwenyewe tangu skrubu ya kwanza.

Mwamuzi akasoma sheria. Dereva ashike rimoti peke yake. Anayetaka kusema na dereva aseme, lakini asiguse rimoti. Njia ni hii: kupita kati ya mawe, kuvuka daraja la mbao juu ya mtaro, kupanda kilima cha mchanga. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, mchanga ukawa tope.

Zamu ya Mzee Melkiori ikafika. Watu wakanong'ona.

Kwenye mawe, Mama Fausta akasema kwa sauti yake iliyokauka: "Toka chumbani. Kwepa kabati. Kwepa kiti cha Fausta. Sasa mlango wa bafu." Kifaru kikapita kati ya mawe, hakikugusa hata moja. Vingine vyenye madereva wenye macho vilikuwa vimekwama pale.

Kwenye daraja, watu wakasimama wakapiga kelele, vigelegele, filimbi. Mama Fausta anasema, Mzee hasikii. Anarudia, Mzee hasikii. Daraja lilikuwa limelowa, linainama upande. Mnyororo mmoja ukaanza kutoka nje ya ukingo. Kiganja cha kushoto kikatetema. Mzee akarudisha kulia. Kiganja cha kulia kikatetema. Akarudisha kushoto. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama mtu aliye peke yake. Akavuka.

Kwenye kilima, vifaru vilivyotangulia vilikuwa vimezama nusu, plastiki inazunguka, tope linaruka. Kifaru cha Mzee kikafika, kikazama kidogo, kikasimama. Haruni alikuwa amefumba macho. Kisha pingili zake zikauma tope, moja, nyingine, nyingine, na kifaru kikapanda kwa mngurumo mpaka juu.

Watu walimbeba Mzee. Boksi likawekwa mikononi mwake. Watu walipotawanyika, wanne wale wakabaki wamekaa juu ya rundo la matofali. Mzee akalipapasa boksi pembe zote.

"Mimi changu nimekipata," akasema. "Nilikuwa nazikwa kidogo kidogo kwenye kile chumba. Hili si langu. Ni la aliyenirudisha kwenye usukani. Semeni, ni nani?"

Alitegemea wangesema, "Wee Mzee, chukua tu." Hawakusema. Kila mmoja alikuwa amelitazama boksi lile kwa muda.

Haruni akaanza, kwa aibu. "Mzee, mimi nimewachongea watu vipuri vya vifaru miaka yote hii. Sijawahi kuwa na changu. Pale kilimani, sauti ya Mama ingesaidia nini? Mtetemo ungesaidia nini? Ungetetema tu ukiwa umekwama. Na kidole changu ndicho hiki."

Tumsifu akasema, "Pole kwa kidole, kaka Haruni. Lakini bila mtetemo, minyororo yako ingetumbukia mtaroni ikiwa imara vilevile. Mzee, mimi kifaru nilikuwa nacho. Leo kingekuwa hapa, labda boksi hili ningelichukua mwenyewe. Kiko kibandani, gamba tupu, kwa sababu utumbo wake uko ndani ya chako. Haruni hakuwa nacho na bado hana. Mimi nilikuwa nacho, nikakitoa."

Mzee akageuza kichwa upande wa mkewe.

"Na wewe utagombea mdude wa kuchezea?"

"Ndiyo."

"Utaufanyia nini?"

"Sitaufungua hata boksi. Nitauweka sebuleni juu ya kabati. Mgeni akiingia atauliza, hiki cha nani? Na wewe, kwa mdomo wako, utasema ni cha nani na kwa nini." Akawanyooshea mkono mafundi. "Hawa walikutengenezea kifaru, Mungu awabariki. Lakini kilikuwa tayari, na wewe ukaitupa rimoti. Nani alikuokotea? Nilikuwa na sauti, Baba Fausta. Kanisa zima lilikuwa linaisubiri. Sasa wanaanzishiwa na mwingine, nami nafungua mdomo tu."

Haruni akatazama chini. Tumsifu naye akatazama chini. Hakuna aliyesema mwenzake amedanganya, kwa sababu hakuna aliyedanganya.

Wakafikiria kugawana. Lakini ukimpa huyu mota na yule minyororo, hakuna mwenye kifaru. Wakafikiria kuuza. Wote watatu wakakataa kwa pamoja, na hapo nusura wacheke.

Mzee Melkiori akasimama. Akalinyanyua boksi zito, akalisogeza mbele yake. Akageuka kwa Haruni, akasimama kidogo. Akageuka kwa Tumsifu, akasimama kidogo. Akageuka kwa mkewe. Akawa anasikiliza pumzi zao.

Mimi hapo nimefika, sina neno la kuongeza. Mzee bado amesimama, na boksi ni zito. Ninyi mliosikia yote, mwambieni: kati ya aliyetoa kidole, aliyetoa kifaru chake, na aliyetoa sauti, mkono uende kwa nani? Je, nani alistahili?